Usizime

Kila Alhamisi, saa mbili usiku, Tukuyu,
naegemeza simu kwenye debe la mahindi,
pembe pekee ya chumba inayoshika mtandao,
na Ambakisye anatokea, nusu uso,
kutoka Tampere, theluji imemeza dirisha lake.

"Naendelea vizuri, dada mshauri."
Wiki ya tano hii anaendelea vizuri.
Analipia saa nzima, anaendelea vizuri.
Nami naandika daftarini: *vizuri*,
chini yake napiga mstari.

Leo mvua imeshuka ghafla kutoka Rungwe,
bati likalia kama karanga kikaangoni.
Simsikii. Hanisikii.
Naomba radhi, nanyoosha kidole nizime kipaza sauti.

"Usizime."

Basi nikanyamaza,
simu nikaielekeza darini.
Dakika kumi na tisa, bando langu likiyeyuka,
mvua yetu ikanyesha Tampere.

Ilipopungua nikasikia pua ikivutwa,
kisha sauti nisiyoijua:
"Mama alizikwa siku kama hii.
Niliangalia kwa video. Ikakatika
kabla ya udongo."

Kalamu niliilaza.
Nje, migomba ilikuwa bado inadondosha.