Pauni Kumi na Mbili

Duka la vitabu vikuukuu, Dundee, Jumanne ya mvua.
Mkononi vitatu, mfukoni pauni kumi na mbili,
na darasa la jioni laanza kesho.

Cha kwanza ni cha tabaka. Kinene, kimejaa majedwali.
Sura ya nne, viwanda vya magunia:
"wafumaji, wengi wao wanawake."
Humo ndani ya hao wengi yumo bibi yangu Senga,
aliyezibwa masikio na vishindo vya mitambo
akajifunza kusoma midomo ya watu
kama wengine wasomavyo gazeti.
Nimetafuta Ijumaa, siku ya mshahara. Haimo.

Cha pili, jinsia. Kinajua nani huosha vyombo na kwa nini,
kinalieleza hilo vizuri mno, kwa maneno yaliyovaa visigino.
Hakijui bei ya makaa.

Cha tatu kina jalada jeusi, kama ilivyotarajiwa.
Kinahesabu mbavu, milango, simu zilizokatwa kabla ya kujibiwa.
Mwanamume wa humo hana kazi,
hana hata siku aliyofukuzwa kazi.
Anatokea tu, mkono umeshainuka.

Kwetu ulikuwa usiku mmoja.
Bahasha ilirudi nyepesi. Bibi akaipima kwa kiganja,
akauliza swali moja, la pili hakuliwahi.
Tusi hakulisikia:
alilisoma.
Wasomi wameugawana usiku ule kama warithi shamba,
kila mtu na kigingi chake,
na bibi amesimama mpakani na sahani mkononi.

"Nafunga saa kumi na moja," anasema Bwana Gourlay,
akipangusa miwani kwa ncha ya tai.

Nakifungua tena cha majedwali, nijiridhishe kwamba sikitaki.
Pambizoni, kwa penseli iliyokandamizwa hata karatasi ikachanika,
mtu nisiyemjua ameandika:
*Na Ijumaa je?*

Nikalipa kumi na moja na nusu.
Kile cheusi nilikificha nyuma ya ramani za Norwe
asikipate mwingine kabla ya mwisho wa mwezi.
Cha jinsia nilikirudisha mahali pake; kitanisamehe, kina subira.

Kisha nikamwomba Bwana Gourlay penseli yake,
na palepale kaunta, mvua ikigonga kioo,
chini ya lile swali nikaandika:
*Ijumaa alirudi mapema.*