Saa Tatu Tangu Kumezwa

Ndani ya friji ya maabara, hapa Salto, rafu ya chini,
nyuma ya siagi ya Wálter tuliyoikataza bila mafanikio,
mabuu elfu kumi wamelala katika chupa ya maji
tangu Machi.
Hawali. Hawawezi: wamevaa ngozi ya jana juu ya ngozi ya leo,
na ngozi ya jana imewaziba kinywa.
Wanaishi kwa akiba ya mafuta,
kama mjane wa nyumba kubwa
anayewasha taa ya chumba kimoja.

Nikiwagandisha na kuwasaga,
nikihesabu nakala ambazo jeni zao zilikuwa zikitoa,
naona ni hivyo hasa: giza, giza,
taa moja jikoni.
Jeni ya kungoja.

"Kwa hiyo wamekufa?" baba aliniuliza kwenye simu.
Hapana. Wanangoja kumezwa.

Kule kwake, kwenye udongo mwembamba juu ya mawe meusi,
umande ukilowesha jani nao hupanda,
wakiogelea katika utando wa maji
usiofika unene wa unywele.
Kisha unakuja ulimi.

Saa tatu, basi. Si ile ya asubuhi, watoto wakiwa darasani;
saa tatu tangu kumezwa,
katika tumbo la kwanza la kondoo, penye joto na hewa ya ukaa.
(Sisi tuna tumbo la kioo: chupa, nyuzi arobaini,
mpira wa gesi, na saa ya ukutani inayochelewa.)
Hapo buu huikata kofia ya ngozi ya jana kwa ndani,
mviringo safi, kama kifuniko cha kopo,
akachomoka.
Kikulacho ki nguoni mwako, sawa,
ila huyu huvua nguo kwanza, ndipo ale.

Na taa zinawaka.
Kwenye kompyuta ni nukta nyekundu,
kumi, kisha mia nne na ushee:
jeni za mikasi ya kukatia protini,
jeni za misuli ya koo,
jeni ya kuizuia damu isigande, imeshatoa nakala zake
na damu yenyewe bado haijaonekana.
Hakuna jeni mpya hapo. Zote zilikuwemo
kwenye friji, pamoja na siagi.

Chupa ya pili ni ya kondoo wa baba, namba 212,
jike lenye baka puani.
Nilimshusha kope kwa kidole gumba.
Upande wa ndani ulipaswa kuwa mwekundu kama pera lililopasuliwa;
ulikuwa mweupe kama karatasi niliyoandikia namba yake.
Alishapewa dawa mara mbili,
ya bluu, halafu ile ghali.
Nikachukua kinyesi chake kwenye mfuko wa mkate,
nikaotesha mabuu.

Sasa nasoma safu yao, saa sifuri, kabla ya joto, kabla ya gesi,
na kuna jeni ambayo sikuwa nikiitafuta:
pampu ndogo ya kutapikia sumu.
Kwa mabuu wetu wa kituoni huwaka dawa ikiwagusa.
Kwa hawa inawaka usingizini,
kinywa kimezibwa, hakuna dawa, hakuna kondoo.
Nilidhani nyumba ina taa moja.
Kumbe mbili.

Nimerudia. Nimebadilisha kemikali, nimemlaumu Wálter.
Mbili.

Jioni baba anapiga. Mvua imenyesha, nyasi zimechipua,
anasema zimefika kwenye kifundo cha mguu,
na sauti yake ni ya mtu aliyelipwa deni.
"Nélida, wanasemaje hao wadudu wako?"
Nyuma yake nasikia mbwa, lango, kwato.
Namwambia: kesho usiwatoe mapema,
ngoja umande ukauke.
"Hilo," anasema, "nalijua tangu hujazaliwa,"
na ananiuliza kama nimekula.