Daftari la Hilfu

Feri ya Shana ilichukua saa moja na nusu.
Ilibeba mabomba, ngamia mmoja juu ya pikapu,
na mimi, na anwani isiyo na mtaa:
*Hilfu, nyuma ya msikiti, mlango wa kijani.*

Milango yote ya Hilfu ni ya kijani,
au ilikuwa, kabla ya chumvi.

Upepo ule si wa kupunga, ni wa kusukuma.
Unafungua mkoba, unasoma karatasi zako, unazitupa.
Mbuzi wawili walitafuna boksi la maziwa ya unga
wakanitazama kama mtu aliyechelewa.
Nimechelewa kweli. Miezi saba.

Shangazi Ghaniya aliolewa kisiwani huku mwaka niliozaliwa.
Kwetu Chake tulimjua kwa kaseti:
upande wa kwanza salamu, jina kwa jina, hata za paka;
upande wa pili upepo mtupu,
nasi tukidhani kanda imeharibika.

Dukani niliuliza kwa Kiarabu changu cha chuoni.
Muuzaji, Shofiki, mtu wa Chatigamu,
alinyamaza, akaegemea gunia la mchele.
Kisha: "Ala! Weye ndo wa Chake? Ushakula?"

Miaka kumi na tisa alimsomesha kwa kununua:
iliki, kibiriti, tui la kopo,
*usinipunje, baba, nakuona.*

Akatoa daftari la madeni.
Herufi za Kiarabu, maneno ya kwetu,
mkono wake mwenyewe, umelalia kushoto:
tui kopo mbili. Betri. Sabuni ya mche.
Riyali tatu na baisa mia nne.

Nililipa. Akapokea, deni la maiti halichezewi,
akahesabu mara mbili,
akakata mistari mmoja mmoja kwa rula.
Alipofika wa mwisho, kalamu akaitia mfukoni.

Mstari ule hauna bei.
*Leo magoti yamekataa. Kesho nitakuja, tuzungumze.*

"Huu si wa duka," alisema,
akageuka kupanga sabuni zilizokwisha pangwa.

Mlango niliupata alasiri. Ulikuwa wa buluu.
Sikubisha; nani angefungua?
Nilinyoosha simu juu, nikaurekodi upepo
dakika nzima, nikautuma Chake.

Mama hajui kuandika ujumbe mrefu.
Alijibu: *Ndo huo huo.*