Kalamu Nyekundu

Maji hufika Kadutu saa tisa usiku,
nayo hayapigi hodi.
Bomba hukohoa kwanza, kama mtu anayetafuta pa kuanzia,
kisha ngazi zote za mtaa hujaa ndala na bidoni.

Mwezi mzima Nsimire hakunipa zaidi ya "ndiyo" na "sijui".
Ana miaka kumi na mitano. Chumba chake hakina mlango,
kina pazia la kitenge,
na sijawahi kuona chuma kigumu kuliko kitenge kile.
Mimi, mwalimu Birindwa,
ninayetuliza watoto hamsini na wanane kwa kukohoa tu,
nilikuwa nikihubiria pazia.

Nilihubiri sana. Nywele. Simu. Yule kijana wa Nyawera.
Asilimia arobaini na moja ya hesabu.
"Enzi zetu sisi," nikaanza,
mama yake akacheka huko jikoni:
enzi zangu anazijua, na darasa nililorudia analijua.

Kabla ya kimya hicho aliniandikia barua.
Karatasi ya daftari, mistari sita.
Niliisoma nimesimama, kalamu nyekundu mkononi,
na kabla sijaimaliza mkono ulikuwa umeshazungushia duara
neno lililokosa herufi.
Aliona.
Sijapata barua nyingine.

Basi usiku ule bomba lilipokohoa
nilichukua bidoni mbili, nikavaa ndala,
nikajipanga kwenye foleni nyuma yake.
Hakuuliza. Sikueleza.
Mbele yetu mama mmoja alikuwa amelala wima,
mkono kwenye mfuniko wa bidoni yake.

Ukipanda ngazi na maji humtazami mwenzako usoni,
unatazama visigino vyake.
Pengine ndiyo maana, katikati ya mlima,
aliliambia giza la mbele yake:
"Papa, Odile haongei na mimi tena."

Jibu nilikuwa nalo.
Nina majibu kama maduka ya Essence yalivyo na betri.
Likaja mpaka kwenye meno,
nikalimeza likiwa bado moto.
"Inauma?"
"Sana."
Tukatua bidoni. Maji yakapigapiga ndani, yakatulia.
Tukapanda tena.

Usidhani tulifika juu tukiwa watu wapya.
Asubuhi tuligombania sufuria isiyooshwa,
nikapandisha sauti, akapandisha bega,
kitenge kikashuka.

Ile barua ninayo, ndani ya kitabu cha mahudhurio.
Jana niliisoma mpaka mwisho, mikono mitupu.
Neno lililo ndani ya duara langu ni "nisikilze".
Yeye alikosa herufi moja.
Mimi nilikosa neno zima.

Saa nane na nusu. Bomba bado kimya.
Nimeshavaa ndala.