Sahihi ya Pili

Kwa miezi sita pale Aizawl
hakuna nilichokiandika kikawa kweli
mpaka Pi Biakzuali aweke alama yake chini:
wino wa kijani, herufi moja na mstari,
kama mjusi aliyekanyagwa.
Joto, nyuzi mia na mbili. Mjusi.
Mkojo, mililita mia mbili. Mjusi.
Hata nilipoandika "mgonjwa amelala"
alikwenda kwanza kumtazama alivyolala,
akarudi, ndipo akaniwekea mjusi.

Nilimchukia, nisiseme uongo.
Nilihesabu siku kama mfungwa wa makosa madogo,
nikikunja shuka pembe kwa pembe,
viatu vya mpira vikinisema sakafuni,
na jina langu halikuwa Ramdinsangi.
Nilikuwa "wewe, mwanafunzi".
Nilikuwa "nyinyi" hata nikiwa peke yangu.

Kisha mtihani, kisha majina ubaoni,
kisha kimya cha serikali, miezi kumi na minne,
mama akiniuliza kila jioni kwa jicho, si kwa mdomo,
tukifunga mafungu ya majani ya haradali ya kuuza.
Kisha bahasha ya kaki, muhuri wa simba watatu,
na neno moja nililorudia kulisoma hadi likachoka:
umeteuliwa.
Champhai. Hospitali ya wilaya. Wodi ya wanaume.
Baba akalia. Kaka akauliza mshahara.
Kanisani wakanitaja kabla ya mahubiri.

Hakuna aliyenitajia hesabu ya glavu:
jozi nane, zamu nzima, wagonjwa thelathini na mmoja.
Hakuna aliyeniambia kwamba mashine ya oksijeni
huamshwa kwa kofi, ubavu wa kushoto,
kwamba ufunguo wa kabati la dawa
umo shingoni mwa mtu aliye likizo,
kwamba mshahara wa kwanza utafika mwezi wa nne
ukiwa umekonda.
Haya nilifundishwa na Pu Zahluna, mfagiaji,
miaka ishirini na sita na ufagio uleule, asema,
ila mpini umebadilishwa mara tatu
na nyuzi mara kumi.

Usiku wa kwanza peke yangu
ukungu ulipanda kutoka mashamba ya mpunga
ukaegemea madirisha kama ndugu wa mgonjwa
aliyekatazwa kuingia.
Kitanda cha kumi na saba, mzee Thangkima,
akivuta pumzi kama mtu apandaye mlima
na gunia la mtu mwingine.
Nikapima. Nikamgeuza.
Nikainua kichwa cha kitanda kwa matofali mawili.
Nikampigia daktari; simu ikalia, ikalia,
akaitika, akasema dozi, akakata.
Nikachoma sindano.
Nikaandika: saa nane na dakika kumi, dawa, kiasi.
Kisha mkono ukasimama.

Ukasimama pale, kalamu juu ya karatasi,
ukingoja mjusi.

"Yuko wapi anayekusimamia?" mzee akauliza,
sauti imetobokatoboka kwa kikohozi.
Yuko hapa, nikamwambia.
Akatazama nyuma yangu. Akatazama mlangoni.
Akanitazama mimi, toka viatu hadi nywele.
"Mbona mdogo?"
"Ndivyo walivyomleta," nikasema.
Akacheka, na kicheko kikamgharimu pumzi asizokuwa nazo,
nikamshika mgongo mpaka deni likaisha.

Karibu na alfajiri niliandika: mgonjwa amelala.
Nikataka kutia sahihi, jina zima, herufi kumi na moja.
Sijui nani aliniinua kitini.
Nikaenda na tochi, taa nimeifinika kwa kiganja,
nikasimama miguuni pa kitanda cha kumi na saba
nikamtazama alivyolala.
Kifua, juu. Kifua, chini. Kidole kimoja cha mguu
kimetoka nje ya blanketi; nikakirudisha.

Kalamu ya serikali huvuja.
Asubuhi nilikula wali na vidole vya bluu,
na sikuvinawa.