Herufi Mbili za Mwisho

Orodha ilikuja na muhuri wa simba:
sanduku moja la bati, jeusi, kufuli mbili,
jina kwa rangi nyeupe juu ya mfuniko.
Soksi nyeusi, jozi sita. Viatu vya mbio.
Cheti cha daktari kwamba magoti hayagongani.
Na mstari wa kumi na tisa, kama jambo dogo:
awe anajua kuogelea.

Sisi wa Champhai, juu huku milimani,
maji hutujia kwa lori, Jumanne, likipenda.
Nani amewahi kuogelea ndooni?
Dada akazamisha uso kwenye pipa la mvua,
mimi nimeshika saa ya baba, nahesabu.
Ishirini na nane. Thelathini na moja.
Anaibuka, anakohoa, anatukana, anarudi.
Mwezi mzima shingo yake ilinuka kutu.
Siku alipopita dakika moja na sekunde tisa
niliingiwa na hofu, nikamvuta nywele.
Alinizaba kofi la maji:
"Ningefika mbili, mjinga wewe!"

Mama alifunga bekang kwa jani la mgomba,
maharage yaliyochacha hadi yakapata ulimi wao,
akayaficha ndani ya soksi.
Baba akayatoa. Mama akayarudisha.
Harufu hii, baba alisema, itamtia mahabusu
kabla mkono haujapanda saluti.

Bibi hakusema kitu.
Tangu sanduku liwekwe sebuleni
alizungukia mlango wa jikoni.
Alikuwa na miaka kumi na minne
walipokuja watu waliovaa kijani hikihiki
wakawapa kijiji kizima saa moja,
beba unachoweza, kingine kiache.
Ghala la mpunga liliwaka siku tatu.
Na mpunga ukiungua hunukia vizuri,
hilo ndilo hajawasamehe:
kwamba alilia huku mate yakimjaa.

Pu Biakthanga, mchoraji wa mabango,
ambaye pia huandika majina makaburini,
alikuja na kopo lake na brashi mbili.
Lalhmingmawii. Herufi kumi na tatu.
Mfuniko ukamwishia kwenye w.
Alikuna kisogo kwa mpini wa brashi,
akakunja kona, akaziweka zilizobaki ubavuni:
i na i, wima,
gwaride la watu wawili.
Baba akataka zifutwe, kazi ianze upya.
Dada akasema, ziache.
Kwetu jina la mvulana huishia a, la msichana i.
Juu ya mfuniko, basi, angeweza kuwa mtu yeyote.
Ubavuni yuko yeye.

Alfajiri ya safari mfuniko uligoma.
Baba alisukuma, mimi nikapanda kwa magoti,
mama akaangalia dari kwa makini sana.
Ndipo bibi alipotoka jikoni na shali yake,
akageuka taratibu,
akakaa juu ya sanduku
kama abiria anayengoja basi.
Kufuli ikalia, tak. Na ya pili.
Hakuinuka.
Dada alichuchumaa mbele yake.
Walisemezana; sikusikia,
dereva alikuwa amelala juu ya honi.

Saa kumi na moja jipu likaondoka,
sanduku juu, limekazwa kwa kamba ya manjano.
Kutoka chini barabarani mfuniko hauonekani.
Niliona zile mbili tu, nyeupe,
zikipinda kona ya kanisa,
zikipotea, zikirudi chini zaidi, ndogo,
halafu ukungu.

Saa ya baba nilikuwa bado nimeivaa.
Nilienda nyuma ya nyumba, nikazamisha uso pipani,
na ilikuwa giza mle, na baridi,
na hakuna aliyenihesabia.
Nadhani nilifika kumi na nne.
Nikameza maji.