Maiki Mbili, Mwananyamala

Ya kwanza niliinunua Kariakoo,
elfu sitini na tano, baada ya kujifanya naondoka mara mbili.
Jina la kampuni limekosewa herufi moja.
Kichwa kimebonyea upande:
siku umeme ulipokatika Hamduni aliipiga kikumbo
ikatumbukia kwenye ndoo ya maji,
ikalala juani kutwa nzima, ikapona.

Ya pili si yangu.
Imekuja ndani ya sanduku lenye sponji
kutoka kwa Gaspari wa Mikocheni,
laki moja kwa siku, na kitambulisho changu cha taifa
kimebaki mezani kwake, kinatazama dari.
Bei yake kamili aliitaja kwa sauti ya chini,
kama mtu anayetaja deni la marehemu.

Rahisi ghali, walisema wahenga.
Wahenga hawakulipa kodi ya miezi sita
kwa chumba chenye magodoro ukutani.

Nikazisimamisha bega kwa bega,
moja imeng'aa, moja ina kovu.
Sikudhani akavua bangili, akavua ndala,
akazima simu. Nikazima feni.
Jasho likaanza kazi yake.
Akaimba mara moja tu, zote mbili zikisikiliza.

Nikaanza kucheza ya Kariakoo.
Sauti ilikuja imejaa katikati, juu ina mchanga,
chini hakuna kitu,
kama ghorofa iliyoanzia hewani.
Lakini ilikuwa yeye.
Ungemtambua hata ukiwa unavuka barabara.

Nikacheza ya Mikocheni.

Nilisikia midomo ikiachana kabla ya neno.
Nilisikia mate.
Nilisikia chapati za mama Rehani
zikigeuzwa nyumba ya tatu,
pampu ya kisima cha msikiti,
ukucha wake ukikuna mshono wa gauni,
na kabla ya mstari wa nne, pale anapovuka Ruvu,
nikasikia kifuani mwake kitu kama karatasi
inayokunjwa taratibu
na mtu asiyetaka kuamsha mtoto.

Nikarudisha nyuma. Nikaongeza sauti. Nikarudisha tena.

"Hiyo ya ghali inanisengenya," akasema Sikudhani.
"Mwenzake ana adabu. Amesikia nilichokusudia."

Nikamweleza habari za masafa,
kwamba fedha hainunui sauti, inanunua masikio.
Nilieleza vizuri, nadhani; nilichora hata mkunjo hewani.
Akangoja nimalize.
"Na watu watanisikilizia wapi?"
Simu yenye kioo kilichopasuka.
Redio ya kinyozi, betri zimefungwa kwa raba.
Spika ya Bajaji, ikipigana na injini yake.
Sikuwa na jibu la maana.

Tukachukua ya elfu sitini na tano.
Watakaousikia watasema sauti ina joto.
Joto ni la magodoro.

Kabla ya saa kumi na mbili nilikuwa Mikocheni.
Gaspari akaikagua maiki kama mtoto aliyetoka kucheza,
akanirudishia uso wangu wa plastiki.
"Umeona tofauti?"
Nikasema nimeona.

Faili la pili sikulifuta.
Usiku nilivaa hedifoni, nikaenda moja kwa moja
pale kabla ya Ruvu. Sekunde mbili. Karatasi.
Ipo njia ya kuliondoa, ni kitufe kimoja tu;
nimeondoa mbwa, nimeondoa mvua,
niliwahi kuondoa harusi nzima ya jirani.
Nikaweka kidole juu yake.
Nikakitoa.

Jumatatu tulikaa kwenye benchi la hospitali
tangu saa moja asubuhi, yeye amenikasirikia,
ameshika kadi kama tiketi ya safari asiyoitaka.
Daktari alikuwa kijana, Nyamhanga, shati limefuliwa sana.
Mpira wake wa kusikilizia umefungwa plasta kwenye shingo;
bei yake, nilikisia, haifiki hata ya maiki yangu.
Akaweka sahani mgongoni kwa Sikudhani,
akafumba macho kama fundi mitambo.

"Vuta pumzi. Tena."

Nilikuwa namtazama usoni
alipofika mstari wa nne.